Mzigo wa Msiba Hautuliwi Njiani

Kofi la kwanza nililopigwa kwa sababu ya ushuru lilinikuta nimebeba madebe mawili ya maharage kichwani, na nililipokea bila kudondosha hata punje. Nalisema kwa majivuno, kwa sababu nilikuwa mtu wa majivuno. Aliyenipiga alikuwa kijana wa getini. Kosa langu ni kwamba nilimpa risiti ya upande wa pili nikamwambia aisome, kama kweli shule alifika. Wanawake wenzangu wakacheka, ndipo mkono ukaja. Nilimtemea mate. Akanipiga la pili, damu ikanitoka puani, ikaingia mdomoni, nami nikaendelea kumtukana huku naimeza.

Ilikuwa mwaka 2012. Wilaya yetu ilikuwa imegawanywa, kata yetu ya Gwarama ikaangukia wilaya mpya ya Kakonko, na soko tulilolizoea likabaki Kibondo. Tulilala watu wa wilaya moja, tukaamka watu wa mbili. Lenyewe halikutuuma, mpaka lilipokuja geti. Mtu mmoja mwenye pesa alipata zabuni ya kukusanya ushuru, sisi tulimwita wakala, akalaza mti wa mkaratusi juu ya magogo mawili katikati ya barabara ya vumbi, akajenga kibanda cha nyasi pembeni, akaweka watu wenye rungu. Maharage uliyoyalipia ushuru kule ulikoyanunua kwa mkulima, ukifika pale unayalipia tena. Ukionyesha risiti unaambiwa hiyo ni ya kwao, siyo ya kwetu.

Nimewahi kumsikia afisa mmoja, mgeni aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya mbali, akisema sisi Waha hatupendi kulipa kodi. Nilitamani kumpeleka kaburini kwa babu yangu. Babu alikwenda Tanga kukata mkonge ili apate fedha ya kodi ya kichwa, akarudi baada ya miaka mitatu amepungukiwa vidole viwili, akalipa. Kwetu kodi ni jambo la zamani kuliko barabara. Kutoa tulitoa. Lakini sokoni hapakuwa na maji, choo kilikuwa kimetitia tangu masika, na anayepokea hela yako anakupokea kwa kukusukuma kifuani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yule afisa hajawahi kubeba maharage.

Na sisi hatukuwa malaika. Mwenye baiskeli mmoja alijaribu kupita getini kwa kasi na gunia nyuma. Wakamtupia rungu kwenye spoku, akaanguka kwa uso, taya likavunjika, na tangu siku ile anakula uji. Wiki hiyohiyo watu walimvizia mkusanya ushuru mmoja mnadani. Walimburuta kwenye zizi la kuuzia ng'ombe wakampiga kwa fimbo za kuswagia mpaka akajikojolea, kisha wakamlisha samadi. Nilikuwepo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Baada ya hapo vijana wa rungu walikimbia kazi, wakala akaleta mtu mzima. Alikuwa mtu wa upande wa Kasulu, wa makamo, mwenye mke na watoto watatu, amepanga chumba karibu na geti. Huyu hakupiga watu makofi. Alisalimia kwanza, akauliza hali ya nyumbani, halafu ndipo akachukua bambo. Bambo ni kile chuma cha bomba chenye ncha kali, unachoma gunia kinatoka na punje ndani yake, unajua kilichomo bila kulifungua. Alilichukia geti kama sisi, alituambia, lakini mwanawe mkubwa alikuwa anaanza sekondari. Nami nilimchukia zaidi kwa upole wake. Kijana wa makofi unajua pa kumtemea.

Sasa nieleze desturi, kwa sababu yote yametoka humo. Kijijini kwetu mtu akifa, wanawake wa majirani na wa ukoo hubeba vikapu vya unga na maharage kupeleka kwenye nyumba ya msiba. Kikapu hufunikwa kwa majani ya mgomba. Mkishajitwisha, hamsalimii mtu, hamgeuki nyuma, na mzigo hautuliwi njiani mpaka ufike mkekani kwa wafiwa, maana pale mtakapoutua ndipo kifo kitakapopumzika. Mnaokutana nao wanawapisha. Wanaume wanavua kofia.

Siku moja jirani yangu alifiwa na mkwe, na nyumba ya msiba ilikuwa ng'ambo ya geti. Tulipita wanawake sita na vikapu. Yule mtu wa geti alituona kwa mbali, akavua kofia, akainua mti, akasimama kando ameinamisha kichwa. Hakugusa bambo. Tulipita kimya, na mimi nikiwa wa mbele, huku nikisikia upepo wa ule mti ulioinuliwa ukipita juu ya kikapu changu, nikawaza jambo ambalo mtu aliyelelewa vizuri hawazi.

Wiki iliyofuata tuliua mtu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo tulivyosemezana wenyewe: "Leo tunamuua nani?" Siku ile tulimuua shangazi yangu, ambaye alikuwa mzima Nyabibuye akipalilia mihogo. Tulijaza maharage ya biashara kwenye vikapu, tukafunika majani ya mgomba, tukajifunga khanga viunoni, tukajitanda nyingine mpaka puani. Mtu wa geti alivua kofia, akainua mti. Halafu, nilipokuwa nampita, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti, akainyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Poleni sana, mama zangu," alisema. "Ni kidogo, lakini mufike nayo."

Nikaipokea. Niliinama kidogo, kama inavyotakiwa. Tulipopita kona wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini na mzigo wake. Mimi pia nilicheka, na ile noti tuliinunulia pombe ya ndizi.

Tulifanya hivyo msimu mzima. Tuliua mashangazi, wajomba, mkwe wa mtu, mtoto mchanga mara moja, na siku hiyo mmoja wetu alikataa kwenda. Siku za mwizi ni arobaini. Mwenzetu mmoja alilewa sokoni Kibondo akasimulia watu jinsi maharage yanavyozikwa, habari ikafika kwa wakala kabla ya jua kuzama.

Wakala alikuja na pikipiki kesho yake. Tulikuwa kwenye foleni ya kulipa, safari hii kwa uaminifu, maana tulikuwa tumeshasikia mambo yameharibika. Alimwamuru yule mtu apige magoti mbele yetu. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza anafika na bakuli la ugali wa muhogo, mwanamke mwembamba, mgongoni mtoto. Alisimama hapohapo. Wakala akachukua bambo akampiga mumewe nalo mgongoni, na kila pigo shati liliachia kidogo, mpaka tukaona ngozi, kisha damu.

"Ulikuwa unawaona sura," wakala alisema, anahema. "Nitajie hata mmoja."

Yule mtu aliinua macho akatazama foleni. Alinitazama mimi. Hakunitazama haraka, alinitazama kama mtu anayesoma jina langu kwenye paji la uso.

"Walikuwa wamejitanda, bosi," alisema. "Sikuwaona."

Akapigwa tena mara tatu kwa jibu hilo. Wakala aliondoka akiacha amri: kila mzigo, uwe wa nani, utuliwe chini na uchomwe. Siku nyingine ukipita msiba wa uongo, mshahara wake hana, na polisi anapelekwa yeye. Mkewe aliweka bakuli kwenye kizingiti cha kibanda, akaondoka.

Zamu yangu ilipofika nilimpa hela. Alikuwa anaandika kwa shida, shati limemganda mgongoni kwa damu. Alisema polepole, wa nyuma yangu wasisikie: "Mama, ile niliyowapa ilikuwa hela ya unga wa watoto wangu."

Nilitakiwa kusema kitu. Nilimwambia, "Niandikie risiti."

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, maharage yalikuwa mengi na foleni getini ilikuwa ndefu, baiskeli na wanawake wa vikapu, jua la saa nne linachoma. Karani wa wakala alikuwa ameletwa kumchunga mtu wa geti, amekaa kwenye stuli mlangoni mwa kibanda na daftari lake. Walitokea wanawake saba upande wa Nyabibuye, wamejifunga khanga, vikapu vimefunikwa majani ya mgomba. Mbele alitangulia bibi mzee sana. Niliwajua kwa kutembea tu kwamba ni msiba wa kweli. Mtu anayeigiza msiba huangalia geti. Wale hawakuliangalia.

"Tueni mizigo," alisema mtu wa geti.

Bibi hakusimama. Aliendelea mpaka tumbo lake likagusa mti, hapo akasimama, anatazama mbele.

"Tueni, mama zangu. Nawaomba."

"Kaka, tupishe," alisema mmoja wao. "Tunakwenda kuzika. Ni mzazi, amefia uzazini na mtoto wake. Mzigo huu hautuliwi, nawe unajua."

"Wote munakwenda kuzika," alisema. Sauti yake ilipanda. "Kila siku munakwenda kuzika! Hiyo nchi yenu kuna watu waliobaki?"

Watu kwenye foleni walianza kunung'unika. Karani akapiga mluzi, akasema bila kuinuka: "Mzee, kazi hiyo. Au niandike?"

Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Ningesema neno moja. Ningesema, hawa ni wa kweli, wale wa uongo tulikuwa sisi, na labda angeamini, maana nani angejua zaidi yangu. Nilikuwa na gunia zima kwenye baiskeli ya kukodi, na karani alikuwa na daftari. Nikanyamaza.

Mtu wa geti alichoma kikapu kikiwa kichwani kwa bibi. Nadhani alitaka kuchoma kidogo tu, atoe punje, amwonyeshe karani, awapitishe bila kuutua mzigo. Nimeliwaza hilo kwa miaka na naona ndivyo. Lakini bibi alishtuka, kikapu kikayumba, bambo likararua ubavu wa kikapu. Unga wa muhogo ukammwagikia bibi usoni na machoni. Akaanguka kwa mgongo, na kichwa kikagonga gogo la geti kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Kutoka kwenye kikapu ikabiringika sanda, nyeupe, mpya, imekunjwa na sindano na uzi juu yake, na kando yake kipande kingine kidogo cha kitambaa hichohicho, cha mtoto. Vilifunguka kwenye vumbi.

"Mawe we!" alisema mtu mmoja, yaani mama wee kwa Kiha chetu.

Yule mtu alitupa bambo. Alipiga magoti akaanza kuzoa unga kwa viganja, anaurudisha kikapuni pamoja na mchanga, anasema nisameheni, nisameheni mama, huku analia kwa sauti. Halafu aliinua uso, wote umekuwa mweupe kwa unga, akaniona. Akaninyooshea kidole.

"Huyu!" alisema. "Muulizeni mama huyu! Muulizeni nani amenifundisha kutoamini—"

Baiskeli yangu nilikuwa nimeizuilia jiwe kwenye gurudumu. Sikumbuki kuinama. Nakumbuka uzito wake mkononi na jinsi baiskeli ilivyoanza kuanguka nyuma yangu. Nilimrushia, na mikono yangu imezoea kazi, jiwe likampata mdomoni. Nikasikia meno. Na nikapiga kelele, kwa sauti kubwa kuliko niliyowahi kuitoa: "Amechoma msiba! Amechoma msiba! Muueni!"

Sikuhitaji kusema mara ya pili. Foleni nzima ilimwangukia. Walikuwa na minyororo ya baiskeli, kuni, mawe, mikono mitupu. Mwanaume mmoja mpole, mzee wa kanisa, aliokota bambo akalitumia jinsi linavyotumika kwenye gunia. Karani alirukia pikipiki yake akakimbia, daftari likabaki. Mtu wa geti alijaribu kusema tena. Kila alipofungua kinywa nilihakikisha nipo karibu. Nilimkanyaga shingo kwa kisigino. Nilikuwa nikiutazama ule mdomo tu, mpaka ulipoacha kuwa mdomo.

Kibanda kilichomwa, mti wa geti ukatupwa motoni humohumo. Bibi alikuwa ameinuliwa na wenzake, amefungwa khanga kichwani, na wale wanawake saba walijitwisha walichoweza wakaenda zao bila kugeuka nyuma. Mtu wa geti alibebwa mchana kwenye gari la mihogo. Alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Polisi walikuja, wakachukua vijana wachache, wakawaachia baada ya wiki mbili kwa kukosa shahidi. Kila aliyeulizwa alisema hakuona. Redioni walisema ameuawa na wananchi wenye hasira kali kutokana na kero ya ushuru. Ukafanyika mkutano, viongozi wakaketi mezani, wananchi wakasimama mmoja mmoja kueleza wanavyojisikia. Walisema vizuri sana. Walisema ushuru si mbaya, kinachotukera ni kulipishwa mara mbili na kudharauliwa, na yote yalikuwa kweli. Nami nilisema, nikapigiwa makofi. Geti halikurudishwa. Wanawake wa sokoni walininunulia soda na kunong'onezana kwamba bila jiwe langu tungekuwa bado tunalipa, na kwa muda, Mungu anisamehe, nililipenda neno hilo.

Mwaka 2015 nilihamia Kasulu. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wanaingia kwa maelfu, maharage yanatakiwa, nikapata kibanda changu sokoni, ushuru nalipa kila asubuhi na napewa risiti. Hapo ndipo mkewe aliponipata. Sikumjua mpaka alipojitambulisha. Alikuwa amekonda zaidi, ananadi ndizi, na yule mtoto wa mgongoni sasa alitembea. Nilimkaribisha akakaa kwenye gunia. Aliniuliza hali ya nyumbani, akauliza biashara, na alipomaliza salamu zote akaniambia amenitafuta kwa sababu watu wamemwambia siku ile nilikuwa karibu.

"Sikuja kwa ugomvi, mama," alisema. "Waliomuua siwatafuti. Nataka kujua jambo moja."

Alinieleza kwamba mumewe alizikwa na watu wanne. Hata kwao, kijiji alikozaliwa, hakuna mwanamke aliyejitwisha kikapu kwenda msibani kwake, kwa sababu habari ilitangulia kwamba amerarua sanda ya mzazi. Ndugu zake wamekataa kuwarithisha watoto shamba. Mkubwa aliacha sekondari maana walikuwa wakimwita mtoto wa mchoma msiba. Yule mwanamke alisema haya bila machozi, kama anayetaja bei.

"Mimi nimelala naye miaka kumi na minane," alisema. "Alikuwa akiona msiba anavua kofia hata akiwa shambani peke yake. Mtu huyo achome kikapu cha msiba? Kulikuwa na kitu. Kama kuna aliyekiona, aniambie, nikawaambie watu wa kwao. Shamba lenyewe basi, lakini wanangu wajue baba yao alikuwa mtu."

Sokoni palikuwa na kelele za kawaida. Mteja aliniuliza bei ya maharage ya njano, nikamjibu. Nilikuwa na jibu la huyu mama zima zima, lenye majina sita, na la kwanza ni langu. Lingemrudishia shamba, na mwanawe angerudi shuleni. Na mimi lingenipeleka Bangwe, gereza la Kigoma, au pengine lisinipeleke popote, lingenifanya tu nitazamwe.

Nilimshika mkono. Nikamwambia sikuona kitu zaidi ya walichoona wengine. Nikamwambia kazi ile ya ushuru humbadilisha mtu, kwamba hata mwema akikaa getini moyo wake hufa, na kwamba ushuru ndio uliomharibu mumewe, siyo kwamba alizaliwa hivyo.

Alimvuta mtoto karibu, akamfuta vumbi usoni.

"Ego," alisema, ndiyo ya Kiha. "Labda ni ushuru."

Akanishukuru kwa kumpa muda wangu, akaomba maji ya mtoto, nikampa.